Pistoni za Fundi Mazengo

Mkiwa, 11 Februari 2024

Mwanangu Witness,

Hujambo, na masomo yanaendeleaje? Sisi wote wazima. Mvua imetukumbuka, alizeti zimefika kiunoni.

Nina habari mbaya ya lile gari jekundu alilotuachia baba yako mdogo Antipasi. Lilikuja likiunguruma vizuri, lakini Jumanne asubuhi likagoma kuwaka. Tukalisukuma hadi gereji ya Mazengo pale njia panda, likalala kwake. Kesho yake ananiambia, “Mtani, nimetoa plagi nikamulika ndani. Injini hii haina pistoni.” Nikamwuliza, lilifikaje hapa Mkiwa, kwa maombi? Akasema hajui. Mimi najua: ameziuza! Nimemwita mwizi mbele ya watu, na Antipasi akija Pasaka tutampeleka Mazengo kwa mtendaji wa kijiji. Yeye Mgogo, sisi Wanyaturu, lakini hata utani una mpaka.

Babako

Ulemo, 18 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha. Msalimie mama.

Barua yako imeninyima raha. Unajua Hana, binti wa Fundi Mazengo, hapa bwenini analala kitanda cha juu ya changu. Naye amepata habari kutoka kwao. Sasa akishuka anapitia upande wa ukutani ili asinisalimie.

Nilimwuliza Mwalimu Evodia wa fizikia, bila kutaja majina, kama kuna injini isiyo na pistoni. Akasema, “Ipo.” Akanichorea: ndani kuna chuma cha pembe tatu, kama sambusa nene, kinazunguka. Hicho ndicho kinachofanya kazi ya pistoni.

Naomba utazame jambo moja. Je, plagi ziko ubavuni mwa injini, mbili mbili, moja juu ya nyingine? Tena unijulishe, nani aliliwasha mara ya mwisho kabla halijagoma, na liliunguruma kwa muda gani?

Mwanao Witness

Mkiwa, 3 Machi 2024

Witness,

Hujambo. Hapa salama.

Plagi ziko kama ulivyosema. Nilimtuma mama yako akaangalie, maana mimi na yule mtu hatusemeshani. Hilo swali la pili sioni maana yake. Niliwasha mimi, nikalitoa juani nikaliweka kivulini nyuma ya nyumba, nikazima hapo hapo nisimalize petroli ya watu. Kuna kosa gani? Huyo mwalimu wako amewahi kushika spana?

Babako

Ulemo, 8 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima, usinikasirikie.

Mwalimu anasema injini hii haipendi kuwashwa ikiwa baridi na kuzimwa papo hapo. Petroli inabaki ndani, inalowesha plagi na kuosha oili inayosaidia kuziba. Sambusa inazunguka, lakini haina nguvu ya kubana.

Inatibika. Petroli ikatwe kwanza, na waya za kupeleka moto kwenye plagi zichomolewe. Plagi zote zitolewe zikaushwe, kisha stata ipigwe kidogo kidogo ili petroli irushwe nje. Mtu mwenye sigara akae mbali. Halafu oili kidogo imiminwe kwenye kila tundu, plagi na waya zirudishwe, petroli ifunguliwe, na betri iwe imejaa. Likiwaka litatoa moshi mwingi. Msilizime, liacheni lipate moto vizuri.

Kazi hii inataka fundi, baba, na hapo njia panda fundi ni mmoja. Alikuambia alichokiona.

Mwanao Witness

Ulemo, 22 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, maana kondakta wa basi anayetuletea barua anapita kila siku mikono mitupu.

Leo asubuhi Hana ameshukia upande wangu, akaniomba sega. Nikampa. Alikuwa anajizuia kucheka. Kuna nini huko nyumbani?

Mwanao Witness

Mkiwa, 25 Machi 2024

Mwanangu mpenzi Witness,

Usinune. Sisi wazima kabisa. Kwanza nilichelewa kwa aibu, baadaye kwa furaha.

Nilikwenda gereji wakati imejaa watu. Nikasema, “Mtani, nilikuita mwizi, nisamehe. Gari nimelizamisha mimi kwa petroli.” Akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, “Haya, soma hiyo barua ya mtoto, kwa sauti.” Basi nikawa nasoma, yeye anafanya. Tulipopiga stata, kimya. Tukapiga tena, likakohoa. Tukapiga tena, likawaka! Ulitoka moshi mpaka mama lishe wa jirani akakimbia na sufuria yake ya wali. Mazengo akapiga makofi: “Sambusa imeiva!”

Jioni akaja kwetu. Hakubisha hodi, akaingia bandani moja kwa moja, akakamata jogoo wangu mkubwa na kumbana kwapani. Mama yako akamwuliza, “Shemeji, vipi tena?” Akajibu, “Nimeitwa mwizi bure mwezi mzima. Leo naiba kweli.”

Unajua mtani akichukua hadaiwi. Nilimfukuza hadi njia panda nikipiga kelele, “Mwizi! Mwizi huyo!” na watu wote walicheka mpaka wakakaa chini.

Babako