Pikipiki Iliyogoma Siku ya Kura ya Mashamba

Baba Njeri, mume wangu,

Ndugu zako wanakuja Jumamosi kuzungumza juu ya shamba. Tangu nipate habari hiyo, kila nikikaa peke yangu narudi kwenye asubuhi ile ya kura ya kugawiwa mashamba, tulipokuwa bado tumepanga chumba Kiplombe. Nakuandikia ili nitulie kidogo.

Ulikuwa umesema huwezi kwenda Sugoi kuchukua shamba ukiwa juu ya pikipiki yenye kutu. Siku moja kabla ya kura uliifungua karibu yote, ukaipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mabati ya kanisa. Ulikuwa unapaka huku umetoa ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilikucheka.

Asubuhi ukapiga kiki. Kimya. Ukapiga tena mpaka shati likalowa. Taa haikuwaka, honi haikulia. Kura ilikuwa ianze saa tatu, na tulikuwa tumeambiwa kwamba atakayeitwa mara tatu bila kuitika, nafasi yake atapewa mwingine. Nilisimama nimembeba Njeri mgongoni, nikitazama jua linavyopanda.

Mzee Abdi, mwenye duka ng'ambo ya barabara, alikuja kuona.

"Umempaka bibi harusi rangi, sasa amenuna."

"Mzee Abdi, leo sina mzaha."

"Basi wacha kumpiga mateke. Muulize anaumwa wapi."

Akaenda dukani, akarudi na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Wewe ulikuwa umetoa plagi, ukailaza juu ya injini, ukaniambia niangalie cheche. Ulipiga kiki, nikaangalia sana, sikuona kitu. Ukagusisha nyaya za balbu kwenye betri, ikawaka vizuri. Betri haikuwa na neno. Kisha ukaacha waya mmoja kwenye chanya ya betri, wa pili ukaugusisha kwenye injini. Balbu haikuwaka.

"Umeme unatoka," ulisema polepole, "lakini hauna njia ya kurudi."

Nikainama nawe. Ule waya mnene wa betri, ambao hufungwa kwenye chuma cha pikipiki, ulikuwa umeurudisha mahali pake na kuukaza sawasawa.

"Baba Njeri, mbona hapa chini ya waya pia ni kijani?"

Mzee Abdi alicheka mpaka akashika ukuta. "Hata pa kupitia umeme amepapamba!"

Nikakimbilia kisu cha jikoni, ukakwangua mpaka chuma kikang'aa, ukarudisha waya na plagi. Kiki moja tu, ikanguruma.

Tulipofika Sugoi watu walikuwa wamejaa uwanjani. Uliniteremsha, ukaenda kuiegesha, na hapo hapo nikasikia jina lako likiitwa mara ya tatu.

"Yuko!" nilipiga kelele, nikakimbia na Njeri akirukaruka mgongoni.

Karani akanitazama. "Mama, hili ni jina la mwanamume."

Watu wakacheka.

"Ni mume wangu. Anaegesha pikipiki. Mnataka aiache ilale chini?"

Wakacheka zaidi, na karani naye akatabasamu, akanisogezea karai lenye karatasi za namba za mashamba. Nikatia mkono, nikatoa karatasi. Ulipokuja mbio nilikupa ikiwa bado imekunjwa. Ulikataa kuipokea.

"Fungua wewe," ulisema.

Sasa kwa kuwa tumekuzika, ndugu zako wanasema mwanamke hawezi kushika shamba peke yake, ati mmoja wao ahamie hapa alisimamie. Ninaogopa, Baba Njeri. Unajua mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Nitawapikia, nitawaheshimu, nitawasikiliza mpaka mwisho. Halafu nitawaambia kwamba karatasi ya shamba hili niliitoa kwa mkono wangu mbele ya watu, na kwamba wewe mwenyewe uliniambia niifungue. Najua sauti itatetemeka. Nitasema hivyo hivyo, na sitatoka.

Pumzika. Njeri anakusalimu.

Ni mimi mkeo,
Mama Njeri