Mzuka wa Kona ya Pili

Jumatatu, 3 Juni
Rada mpya ya kiwanja cha ndege imewashwa hapa mnarani! Kila ndege iliyo chini, kila gari, ni nukta kwenye kioo mbele yangu. Hata trekta la shemeji, mdogo wake mume wangu, mkata nyasi wetu — linajikokota pembeni. Zamani ukungu ukishuka tulikuwa tunawauliza marubani wako wapi. Leo naona mwenyewe. Nimefurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Jumatano, 5 Juni
Kuna nukta isiyo na mwenyewe. Kando ya njia ya kurukia, kona ya pili. Inakuja, inatoweka. Fundi anasema ni mawimbi ya rada yanagonga uzio wa mabati na kurudi. Tumeibatiza Mzuka. Kila ikitokea nasimamisha ndege, natuma gari likague. Mkuu wa zamu anasema bora niajiri mganga. Acha wacheke, kuuliza si ujinga.

Jumamosi, 8 Juni
Mzuka tena, asubuhi nzima. Dereva wa ukaguzi amenichoka. Hasemi, ila uso unasema. Jioni shemeji kaja kula, nikawasimulia. Mume wangu kacheka hadi akapaliwa. Shemeji kauliza tu: kwa hiyo pale mtu akikaa, mnara haumjali? Nikamwambia mimi namjali, ale chakula.

Jumatatu, 10 Juni
Fundi kaja kuifuta kona ya pili kwenye kioo, rada isionyeshe chochote pale, Mzuka asitusumbue tena. Ukungu ukashuka ghafla. Kabla hajagusa kitu — nukta hiyo! Na ndege inakaribia kutua. Mkuu wa zamu akasema ni Mzuka yuleyule, niiache ndege itue. Nikamwambia rubani apande, azunguke. Gari likaenda.

Dereva akaita redioni: Mama, Mzuka wako ana chupa ya chai.

Shemeji! Kaegesha trekta pale, kazima injini na redio, anapumzika mahali pasipo na wa kumuuliza. Nina hasira naye, na namshukuru Mungu yu hai.

Sasa niko mapumziko, naandika kwenye benchi la nyuma humu humu chumbani, kioo nakiona. Mwenzangu kakalia kiti changu. Mkuu wa zamu anasema kona ifutwe tu, aliyekosea ameshakemewa. Shemeji mwenyewe yuko hapa ubavuni mwangu, kainamisha kichwa, hata chai hataki.

Ndege nyingine inaomba kutua. Na kona ya pili, nukta imerudi.

Fundi kanitazama. Mwenzangu kachukua redio, anamwambia rubani azunguke, anatuma gari. Mkuu wa zamu hajamzuia. Tunangoja —