Kamongo wa Marehemu Baba Yako

Sanduku la Posta 37,
Musoma.
9 Septemba 1954

Mpendwa mwanangu Nyamhanga,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta huko Tanga ukiwa mzima wa mwili na wa roho. Je, ile homa imekwisha? Barua yako ya mwisho haikuwa na tarehe, kwa hiyo sijui kama ni homa ya juzi au ya mwaka jana. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto huniuma mawingu yanapokusanyika.

Mihogo imestawi. Shangazi yako Miriamu amehamia Bunda kwa binti yake.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu. Bila shaka unaikumbuka Nyumba ya Samaki iliyo karibu na gati, aliyoijenga yule Myunani, Bwana Stavro, ili watu wawatazame samaki wa ziwani wakiwa hai ndani ya matangi ya kioo. Bwana Stavro amerudi kwao, na nyumba amemwuzia Omari bin Muharami, fundi bati wa hapa mjini.

Nilikwenda kutazama kidogo tu, nikachelewa chakula cha mchana. Omari amebadili mengi. Sato amewapunguza, na furu amewapanga kwa rangi zao, wekundu mbali na wa buluu. Gogogo amepewa tangi lake mwenyewe. Akishikwa hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Niliomba ashikwe mara ya pili.

Katika tangi la mwisho bado yumo yule kamongo aliyevuliwa na baba yako kule Bukima. Nilimwona akipanda juu, akavuta hewa kama mtu, kisha akashuka polepole, mapezi yake kama nyuzi. Nimekula kamongo tangu utoto wangu, wala sikuwahi kumtazama.

Omari anataka kumpeleka sokoni ili katika tangi lile aweke mtoto wa mamba. Mama yako Wegesa alipopata habari hiyo aliondoka na jembe lake begani, nami nikamfuata. Omari alisema kwa adabu kwamba alinunua nyumba pamoja na vyote vilivyomo. Mama yako akajibu kwamba marehemu hakumwuza samaki yule. Alimwekesha kwa Myunani, kama tunavyowekesha ng'ombe kwa rafiki. Rafiki hunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe.

"Maziwa ya kamongo, mama?" Omari akauliza.

"Watu wanaokulipa pale mlangoni huja kutazama nini? Wewe?"

Watu wakacheka. Lakini Omari naye amewekesha ng'ombe kwa watu wa Kiriba, na anajua angesema nini kama boma la huko lingeuzwa na ng'ombe wake wakiwa ndani. Akanigeukia.

"Basi, mzee, mwenye ng'ombe aje amchukue. Simkabidhi mtu mwingine."

Neno hilo ni la haki. Baba yako hayupo, kwa hiyo mwenye ng'ombe ni wewe, si mimi wala mama yako. Omari atangoja hadi mvua za vuli, lakini mamba naye anakua. Ukimrudisha kamongo ziwani, au ukimwacha pale kwa jina lako, hakuna atakayekupinga. Usipokuja, ataliwa.

Tangu matanga ya baba yako hujarudi nyumbani. Mama yako hakuniagiza nikuite. Ila kila siku ya soko, yeye ambaye hajala kamongo maishani mwake, hufunga dagaa kidogo katika kitambaa akaenda kusimama mbele ya kioo kile. Juzi nilimsikia akimwambia, "Kula, baba. Mwenyewe anakuja."

Sikumwuliza ni nani aliyemwambia.

Wanakusalimu Mihayo na mkewe Dorkas, na bibi yako Pelagia, anayeuliza kama huko kwenye mkonge mnapata maziwa. Mungu akupe afya, na akulinde njiani.

Ni mimi nikupendaye,
Baba yako mkubwa,
Danford Wanzagi