Mafuta Yaliyoganda Ndani ya Waya wa Breki

Kwa Baba yangu,

Mulembe. Nauliza kwanza goti lako, kama bado linakusumbua ukikanyaga baiskeli, halafu kikohozi cha Mama. Mimi niko sawa, ila shavu la kushoto bado limevimba kidogo. Ulisikia sokoni kwamba kwa Fundi Kamau watu walipigwa, ukanipigia kuniuliza, nami nikasema ni uongo. Nisamehe. Unajua mimi kwenye simu maneno hunikimbia. Kwa kalamu naweza.

Makosa yalikuwa yangu.

Fundi alienda mazishini siku mbili, akaniachia karakana peke yangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amenifundisha kulainisha breki za baiskeli za zamani. Ule mrija ambao waya wa breki hupita ndani yake, yeye huuita ganda. Ukilikata kwa koleo mdomo wake hubonyea, kwa hivyo lazima upige tupa mpaka uwe sawa, kisha uupanue kwa msumari, la sivyo utausugua waya. Usiliache ganda refu likajikunja kama utumbo, maana nguvu za mkono zitaishia kwenye mikunjo. Mwisho unatia tone la oili nyepesi.

Akaja Mwangi, kijana anayebeba maziwa. Breki yake ilikuwa nzito, alikuwa akiivuta kwa mikono miwili. Nilifanya yote kama nilivyofundishwa, lakini chupa ya oili ilikuwa tupu, nami nikaona aibu kumwambia mteja angoje. Nikakumbuka kikopo chako cha mafuta ya kupikia unayotia kwenye breki pale nyumbani Mabanga. Mama Wambui, mke wa Fundi, hakuwepo. Niliingia jikoni kwake nikachota kijiko kimoja, nikayeyusha, nikamimina ndani ya ganda. Jua lilikuwa kali. Mwangi alivuta breki kwa kidole kimoja, akacheka.

"Msichana, umemshinda mwalimu wako."

Baba, Kitale si Mabanga. Hapa kuna baridi, asubuhi sufuria iliyolala na mafuta unaikuta nyeupe, ngumu kama sabuni. Nimeosha sufuria hizo tangu nifike, na bado sikufikiria.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Mwangi aliteremka kuelekea mtoni na mitungi miwili ya maziwa. Alivuta, waya ukagoma. Aligonga ukuta wa kalavati kwa uso. Meno matatu yalibaki pale, na mfupa wa mkono ulitokeza nje ya ngozi. Waliomwokota walisema maziwa yalikuwa yakitiririka barabarani yakiwa mekundu.

Fundi alikuwa ndio tu amerudi, hata koti la mazishi hajalivua, ndugu wawili wa Mwangi walipoingia wakikokota ile baiskeli. Mkubwa anaitwa Karanja.

"Nani alifunga hii breki?"

"Kazi ya hapa ni yangu," Fundi alisema.

Karanja aliung'oa waya mzima kutoka kwenye ganda. Ulitoka umevaa mafuta meupe. Fundi aliyagusa, akanusa kidole, akaniangalia mara moja tu. Nilijua amejua. Halafu akarudia, "Ni yangu."

Walimpiga kwa mnyororo wa baiskeli. Alipoanguka walimpiga mateke ya mbavu, na alipoweka mkono juu ya meza ili ainuke, Karanja aliupiga kwa spana kubwa. Nilisikia vidole vikivunjika. Watu walijaa mlangoni, mmoja akasema, "Si mmalize huyo, anaua watoto wa watu." Mimi nilikuwa nyuma ya magurudumu nikisema, "Ni mimi, ni mimi," lakini kwa ile sauti yangu ya darasani ambayo hata mwalimu alikuwa anainama ndiyo asikie. Hakuna aliyesikia. Karanja alikuwa ameinua spana tena, safari hii juu ya kichwa.

Pale mlangoni kunaning'inia rimu kuukuu, ndiyo kengele ya wateja. Nilishika nyundo nikaigonga kwa nguvu zangu zote, kama kengele ya shule. Wote waliganda.

"Ni mimi nilitia mafuta ya kupikia. Fundi hakuwa hapa."

Karanja alinijia, akanizaba kofi nikaangukia magurudumu. Mdomo ulijaa damu.

"Nyinyi watu wa Bungoma huwa mnapika hadi baiskeli?"

Mtu alicheka mlangoni. Halafu mwingine. Sijui kwa nini kicheko kiliwapunguza nguvu, lakini spana ilishuka. Mama Wambui aliingia na mwiko wa ugali, akasimama juu ya mumewe, na hakuna aliyemkaribia.

Wazee wa kanisa walikaa na pande zote mbili. Mwangi alitoka hospitali na plasta mpaka begani. Aliongea kwa shida kwa sababu ya meno. "Sitaki kuombwa msamaha. Afunge breki upya, halafu yeye mwenyewe ateremke pale, saa ile ile, na mitungi imejaa."

Vidole vya Fundi vilikuwa vimefungwa, kwa hivyo alikaa kwenye kigoda akiniangalia. Niliposema samahani alisema, "Piga tupa." Ganda jipya, waya mpya, tone moja la oili.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, mikono yangu imekufa ganzi. Mitungi ilijaa maji na ilinisukuma kama ng'ombe. Niliteremka nikilia. Kabla ya kalavati nilivuta, gurudumu la nyuma likaburuzika, nikasimama hatua mbili kutoka ukutani. Doa la damu yake lilikuwa bado pale.

Mwangi alisema, "Tena."

Nilipanda nikateremka tena. Akasema, "Tena." Mara ya tatu alishika baiskeli yake kwa mkono mzima, akaenda nayo.

Jana Karanja alileta baiskeli yake. Aliisimamisha, akaangalia pembeni. "Breki ni nzito," alisema. Nilikata ganda, nikapiga tupa, nikachungulia mdomo wake kwenye mwanga, nikapiga tupa tena. Shavu lilikuwa linaniuma kila nikiinama. Baba, sikutaka aanguke. Nilijichunguza moyoni nikaona kweli sitaki, nikaendelea kupiga tupa.

Sikulaumu kwa kikopo chako. Huko joto linakisaidia. Lakini baiskeli ya kaka Wafula niliifunga kwa mafuta hayo kabla nije huku, naye aliahidi kuja kunitembelea. Mwambie asiguse barabara ya kupanda huku kabla hujaufungua waya na kuufuta mpaka ukauke. Mfanyie leo, ukimaliza tu kusoma.

Msalimie Mama, na Kukhu, mwambie mjukuu wake bado anavaa sweta aliyomfumia. Msalimie dada mdogo, asichezee spana zako.

Mimi mtoto wako,
Nekesa