Picha ya Bonde Uliyoitia Mtu

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Kwa Kaka Bakari,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ndivyo marehemu baba alivyotulea, usije ukadhani moyo umelainika. Nataraji u mzima, duka lako la vifaa vya ujenzi linakwenda, na wifi na watoto hawajambo. Mimi huku mwili hauna neno. Nina hasira tu, na hasira yenyewe ni juu yako, kwa hiyo vuta kiti ukae usome mpaka mwisho.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Nikikupigia unaniweka kwenye spika, wateja wako wanasikiliza, unanijibu kwa mzaha na watu wanacheka. Safari hii utasoma peke yako, na pa kunikatiza huna.

Juma lililopita Bi Rukia, mwenye studio ninayofanyia kazi, alinituma kuchukua karatasi za picha kwa mchapaji mmoja kwenye kichochoro cha nyuma ya soko. Kufika huko ni vita. Mikokoteni inakuja mbele na nyuma, mtu kabeba marobota kichwani anakupigia kelele "Pisha, pisha!" na pa kupisha hapapo. Nilifika nimekanyagwa mguu na kandambili imekatika. Nikaambiwa nisubiri. Fundi alikuwa anakata kalenda za mwaka ujao kwa mashine na kuzipanga marundo, nami kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikatupa jicho. Nikaona bonde letu.

Bonde la kwetu Newala, kaka. Pale ukingoni ardhi inapokatika, unatazama chini hadi Mto Ruvuma. Picha ile niliipiga mwenyewe nilipokuja likizo, nimekaa kwenye umande nasubiri ukungu uinuke mpaka kanga ikalowa. Nikaitia kwenye fremu, nikaipigilia kwa mkono wangu kwenye ukuta wa chumba cha mama. Magoti ya mama hayamfikishi tena ukingoni, na kwao alikozaliwa ni kule chini bondeni, unajua vizuri. Nilitaka akiamka apaone kwao bila kumwomba mtu amshike mkono.

Sasa kwenye kalenda, katikati ya bonde, kuanzia kwenye magugu mpaka mawinguni, umesimama wewe. Suti nyeusi, tai nyekundu, umekenua meno yote. Chini yako umewatakia heri ya mwaka mpya wateja wa saruji na mabati.

Fundi akaniona nimeduwaa.

"Vipi sista, unamjua huyo?"

"Kaka yangu."

"Acha bwana! Huyo bosi, kaagiza kalenda kibao, fungu la kwanza limeshakwenda kwao. Ila mwambie ile suti imemkataa."

Imekukataa kweli. Suti hiyo naijua vizuri maana iko kwenye kompyuta yetu, na iko kwenye kompyuta za studio zote za hapa mjini. Mtu anakuja na fulana, anataka picha ya kuombea kazi. Tunamkata kichwa, tunakipachika juu ya kola, anaondoka meneja. Mimi mwenyewe nimeshamvalisha suti hiyo hiyo kondakta, mchungaji na muuza samaki. Lakini aliyekuvalisha wewe hakujua hata kazi yake. Jua la bonde linatokea kushoto, uso wako umewaka kulia. Shingo huna. Umeelea tu hapo juu ya mikorosho ya watu.

Nilirudi studio kandambili mkononi. Bi Rukia akaniuliza kama nimefiwa. Nilipomweleza, alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema, "Mwanangu, watu hawawezi kuona mahali patupu wakapaacha." Sikucheka naye.

Nikakutumia ujumbe kukuuliza kwa wema, na wewe ukanijibu hivi: "Ile picha ilikuwa tupu. Mimi nimeitia mtu, sasa imekuwa picha." Ukaongeza kwamba nirudi nyumbani na kamera yangu, korosho zikishauzwa harusi zitaanza, nije nipige maharusi kwenye ukumbi wako, niachane na ujinga wa kupiga picha majani ya Dar es Salaam. Hukuniuliza kama nataka. Umenipangia kama unavyopanga misumari dukani.

Haya, kwa kuwa umeyataja hayo majani, ngoja nikueleze.

Jumatatu mpaka Jumamosi niko kwenye chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya kwanza, Mchafukoge. Nyuma ya mteja kitambaa cha buluu, mbele yake mimi. Nyanyua kidevu. Masikio yaonekane. Vua kofia. Usicheke. Mwingine anagomba kwamba nimemfanya mweusi, mwingine anataka nimpunguze mashavu, mwingine anasema huyo siye yeye kabisa. Nje jenereta zinanguruma, na muuza vyombo kaweka kipaza sauti mlangoni kinarudia neno lile lile kutwa nzima. Jioni nikifumba macho naona kola. Mji huu hauna hata ukuta mmoja unaokuacha uwaze kitu chako, na ukisimama wima barabarani kidogo tu, mtu anakuuliza unauza nini.

Jumapili ndiyo yangu. Asubuhi nachukua kamera na kutembea mpaka bonde la Msimbazi, pale Jangwani, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Mvua zikipita, maji yanabaki madimbwi, nyasi zinapanda mpaka kiunoni, na yangeyange wanatua makundi makundi. Wengine wanapaona pa mafuriko na takataka, na kweli takataka zipo, nazipiga pia. Nikichoka na hapo navuka Magogoni kwenda Kigamboni, nakaa kwenye mikoko maji yakitoka, natazama matope yanavyobadilika rangi. Siambii matope yanyanyue kidevu. Hayanigombezi kwamba nimeyatoa vibaya. Nikikosea, nimekosea mimi, nasogea hatua napiga tena, na hakuna anayenisemesha.

Ndivyo nilivyodhani, mpaka mgambo mmoja akanitokea Jangwani mwezi uliopita, rungu mkononi.

"We dada, unapiga picha nini hapa?"

"Napiga bonde."

"Bonde lina nini?"

"Nyasi na maji."

"Unanifanya mimi mtoto? Kamera kubwa yote hiyo kwa ajili ya nyasi? Nani kakutuma?"

Nikamwonyesha picha moja moja. Akaangalia zote, anatafuta mtu. Hakumpata. Akaniambia niondoke kwani nina lengo baya, ila bado hajajua ni lipi. Nikaondoka nikazunguka, nikaingilia upande wa pili, nikaendelea. Hasira ilikuwepo siku hiyo pia, lakini jioni nilirudi chumbani nimetulia kabisa, nikala ugali na dagaa nikalala bila kuwaza lolote.

Kaka, mimi nina furaha. Unasikia? Naishi chumba kimoja, choo tunachangia, kazi yangu inanichosha, na bado nina furaha, kwa sababu kuna siku moja ninatazama ninachotaka kwa muda ninaotaka. Nyumbani sijawahi kuwa nayo siku hiyo. Nyumbani nilikuwa wa kutumwa maji, kutumwa dukani, kutumwa kwa shangazi, na ukinikuta nimesimama natazama mbali ulikuwa unanirushia kokoto uniamshe. Unakumbuka wewe? Ulikuwa unaona ni mchezo. Kokoto zako zilikuwa zinauma.

Kwa hiyo siji. Maharusi watafutie mpiga picha mwingine, wapo wengi na wanaijua kazi yao. Nitakuja likizo kumwona mama, na kamera itakuwa begani mwangu, na ukumbini kwako haitaingia. Wifi akitaka picha yake na watoto nitampiga kwa mapenzi, nje, kwenye mwanga mzuri, maana yeye hajanikosea.

Kuhusu kalenda, zilizokwisha kugawiwa zimegawiwa, siwezi kupita nyumba kwa nyumba nazibandua. Lakini fremu ya mama si ya duka lako. Uliichukua ukimwambia unaipeleka kuskaniwa, utairudisha jioni. Haikurudi. Nimesikia imewekwa nyuma ya ndoo za rangi, na ukutani kwa mama umemtundikia kalenda, ukamwambia hii ndiyo nzuri zaidi kwa kuwa ina mwanawe. Irudishe. Ukiwa umeipasua kioo, irudishe hivyo hivyo, kioo nitakuja kukiweka mimi. Sitaki uniombe radhi, kwani utaniomba kwenye spika. Nataka fremu iwe ukutani.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa chake cha kushona nimekipata Mtaa wa Uhuru na kinakuja kwa basi pamoja na barua hii. Nisalimie wanao, na yule mdogo anayependa kuchora mwambie shangazi yake kamwekea rangi humo humo kwenye mfuko, asinyang'anywe. Mama mdogo wa pale kisimani mpe shikamoo yangu. Shangazi naye, ingawa najua atachukua upande wako.

Mama sikupi salamu zake umfikishie, kwani nimeongea naye mwenyewe juzi. Wewe ulikuwa dukani, wifi akampa simu. Nilimuuliza kama kalenda imempendeza. Akashusha sauti kama anayeiba. Anakula kwako, kaka, anaogopa kukukosea.

Akaniambia, "Hadija, ile njia ya kushukia maji siioni. Kaka yako kaiziba."

Nikamwambia najua, mama.

Akasema, "Niliipanda njia ile nimejitwisha ndoo, nina mimba yake huyo huyo Bakari, miezi imetimia. Nilikuwa nikiamka napatazama pale penye kona, nilipokaa nikadhani nitamzalia palepale. Sasa napatafuta, naona suti. Mwambie basi asogee kidogo. Mwambie wewe, mimi siwezi."

Nimekwambia, kaka. Sogea.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Hadija