Sura ya Nne Haitoki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Dkt. Wilfred kapiga simu asubuhi. Msimamizi wangu, mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Kanipa pole ya Nasri tena, kisha akasema lililomfanya apige: utetezi wa tasnifu usogezwe mpaka mwakani, nikishatoka eda. Na sura ya nne itolewe. Ina utata, kasema.

Sura ya nne! Bila hiyo nabaki na nini? Picha nzuri za seli na shukrani kwa wazazi.

Nimekataa yote mawili: natetea tarehe 14 hii hii, kwa mtandao, humu humu nyumbani. Nimefiwa na mume, sijawa bubu.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe kajua. Wifi yangu Najat kamwambia — mdomo haumkai. Mama kaja na uji, kakaa kitandani, kauliza mjane wa eda atasemaje na wanaume wa watu ndani ya kompyuta. Ati watu wa mtaa wa Nguvumali wameshaanza kusema. Nguvumali! Sisi tunakaa Ngamiani, wao yanawahusu nini?

Nikamwambia shehe Rahimu ameshaulizwa: kwa haja, kwa stara, kamera imezimwa, hakuna ubaya. Akaguna. Kisha:

"Hebu nambie weye, hicho unachokipigania ni kitu gani hasa?"

Nikamweleza. Seli ina vipokezi juu ya utando wake. Kichocheo cha ukuaji kikija, kipokezi hukidaka na kupeleka habari ndani: kua, gawanyika. Halafu seli humeza kipokezi chenyewe, kikawa kwenye kifuko kidogo. Vingine hurudishwa juu, vingine husagwa. Sisi tulifundishwa kwamba kikimezwa kimenyamazishwa. Mimi nasema la! Mkia wake umetokeza nje ya kifuko, na bado kinapeleka habari. Tena habari hizo hizo zina sauti katika kuamua kirudi au kisagwe.

Mama kanitazama. "Na hilo nalo la kubishania? Mie eda ya baba yenu niliuza nazi za shamba zima, na mlango huu sikuuvuka."

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Halafu nikalia, maana Nasri angecheka kuliko mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Dkt. Wilfred kaandika barua pepe. Labda ishara ninayoiona inatoka kwa vipokezi vilivyobaki juu? Swali la haki. Lakini nilishalijibu! Niliziosha seli kwa maji yenye asidi, vichocheo vya juu vikaachia vyote, vikabaki vya ndani tu. Ishara ipo. Nikazizuia seli zisimeze — ishara ya kukua ikapungua. Nimerudia mpaka watu wa maabara wakanichoka.

Sura haitoki. Nimemjibu hivyo, kwa heshima zote.

Jumanne, 12 Agosti

Umeme umekatika tena. Najat kaenda kuninunulia bando la intaneti. Naogopa. Nalisema hapa tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Maswali yamekwisha. Mwenyekiti, Profesa Eliudi, kasema watanitoa kwenye mkutano wajadiliane, kisha waniite.

Hawajanitoa! Wamesahau. Nawasikia wote, naandika huku wanaongea.

Dkt. Wilfred anasema binti ni hodari, yuko msibani, tusimuumize. Apewe shahada yake bila sura ya nne, yaishe. Profesa Dorkasi, mtahini wa nje, anauliza jaribio la asidi lina kasoro gani. Dkt. Wilfred: halina kasoro. Ila bado ni mwanafunzi, na hili wakubwa wanalibishania.

Halina kasoro! Na bado anataka liondoke!

Profesa Eliudi: basi tuiondoe, tuendelee.

Hivyo tu. Miaka yangu yote, "tuiondoe, tuendelee". Adabu inataka nibonyeze nitoke kimyakimya, nijifanye sikusikia. Mama kasimama mlangoni na kanga mdomoni. Kasikia kila kitu. Nikadhani atanikataza.

"Wajibu hao," kaninong'oneza. "Wajibu, mwanangu!"

Nimewasha maiki.

"Samahani waheshimiwa. Bado nimo."

Mtu kaangusha kitu. Profesa Eliudi ananiuliza nimesikia kiasi gani.

Nimemjibu: nimesikia yote. Dkt. Wilfred anaanza, "Samiha, mama, sikiliza —" na Profesa Dorkasi anamkata, anasema mwacheni aongee. Nafungua picha za jaribio la asidi, naweka kalamu chini.