Saizoni Yenye Haikuanza

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekimbia kilima tena, tangu kwa Mama mupaka pale njia ya Lushebere inaonekana chini. Ukungu. Matope. Goti ya kushoto imenyamaza. Nikishuka njo inasema kidogo. Kisha kuruka kamba. Kisha mupira kwenye ukuta wa kanisa, kwa alama yenye nilichora na makaa. Hapa hakuna kiwanja.

Watu wanaoenda shamba wamezoea. Wanasema mutoto wa Mama Sifa alirudi kutoka inchi za watu, hana ngombe, hana bibi wa ndoa, kazi yake ni kupiga kanisa.

Niko na miaka makumi tatu na tano. Nimecheza mupira wa kikapu Goma, Bukavu, Bujumbura, Kigali. Kila fasi saizoni moja ya mashindano, saa ingine mbili. Hakuna timu yenye ilinifukuza. Hakuna yenye ililia nikienda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kocha Dieudonné, mwenye alinifundisha Bukavu, amenitafuta. Nilipanda juu kwenye rezo ya simu inapatikana, nikamuita. Sasa iko anafundisha Kampala. Anataka muntu mukubwa wa kusimama chini ya kikapu, mwenye kuonyesha vijana namna ya kukaa pahali pao. Kontra, mukataba wa saizoni mbili.

"Ile goti iko aje?"

"Iko bien, Kocha."

Sikudanganya. Iko bien. Juma ijayo munganga wa timu anipime, basi. Ule wa Kigali, mwenye alinipasua, aliniambia: hii goti itakubeba bado, lakini wewe usiibebeshe muzigo.

Nimefurahi mupaka nikaona haya.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa. Kisha nikaambia Mama ninaondoka Jumatano. Akaendelea kusonga bugali. Papa yangu alikuwa muntu wa Walikale, muwindaji, murefu kama mimi. Aliingia pori, na Mama akajifunza kutouliza siku ya kurudi. Leo ameniangalia na macho ileile.

Riziki, dada yangu mudogo, tumbo imekuwa nzito. Atazaa mwisho wa mwezi. Bwana yake, Janvier, iko Rubaya anachimba madini ya koltani. Vijana karibu wote wa hiki kilima wako kule, ao walikimbia risasi na hawakurudi.

Riziki akasema: "Kaka, ungengoja uone mutoto."

Nikamujibu Kampala haingoje. Ni kweli. Lakini nilisema vibaya.

Jumanne, 14 Oktoba

Ninaandika kwenye baraza ya hospitali, Masisi-centre.

Uchungu ulimukamata Riziki asubui, mbele ya siku zake. Mukunga, mama mwenye kuzalisha, alitoka inje, mikono damu, akasema hii si kazi yake tena. Mvua imekata njia, pikipiki haipite. Kwa kilima chote tulipatikana wanaume wanne wa kumubeba mupaka hospitali, na mumoja ni Papa Anselme, jirani yetu, muzee wa kukohoa.

Mama akaniangalia. Hakuniomba. Ingekuwa afadhali aniombe.

Nilijua. Niandike wazi: nilijua ule muzigo utafanya nini kwa goti. Nikashika muti wa mbele wa machela.

Nimezidi wengine urefu, machela ikalala upande. Ikabidi nitembee magoti imekunjwa, Riziki asiteleze. Njia yote namna ile. Kwa muteremuko wa muto mguu ukateleza, goti ikageuka kwa ndani. Nilisikia sauti yake, kama muti mubichi ukipasuka.

Papa Anselme akapiga kelele: "Weka chini! Weka chini!"

"Tukiweka chini hatutamuinua tena," nikasema. "Twende."

Tukaenda. Riziki alikuwa anaita jina yangu. Kisha akaacha kuita. Pale njo niliogopa.

Jumatano, 15 Oktoba

Riziki iko muzima. Walimupasua.

Mutoto hakulia. Alikuwa mwanaume. Dokta anasema alikufa njiani, ao mbele ya kutoka nyumbani, hawezi kujua. Mimi sitaki kujua.

Goti imefura, suruali haiingie. Dokta aliigusa, akaisukuma huku na huku, akatingisha kichwa. Leo ningekuwa Goma, njiani kwenda Kampala.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jana tulirudi kwa Mama na mwili wa mutoto; leo nimepanda na fimbo kwenye rezo, nikaita Kocha. Nilifikiri kumudanganya, kumuomba juma moja, mbili. Nikamuambia yote. Akasema: "Pole, mukubwa." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ninajua mwingine wa chini ya kikapu. Nikamupa jina la kijana mumoja wa Bukavu. Anaruka muzuri. Iko na magoti.

Nikakata simu, nikakasirika na vyote. Na mvua. Na Janvier. Na mutoto mwenye hakungoja. Na Mama, kwa sababu alinyamaza.

Janvier alifika mchana, kwa miguu, udongo wa Rubaya bado kwa nywele. Akanishika mikono yote mbili. Siwezi kumukasirikia huyu. Tulizika mutoto karibu na migomba ya Mama. Janvier alichimba mwenyewe, hakukubali muntu amusaidie. Mimi nilisimama na fimbo.

Jumapili, 26 Oktoba

Jua kidogo. Riziki amekaa inje, blanketi juu ya mapaja. Tangu arudi kutoka hospitali haongei. Mimi kando yake, mguu juu ya kiti. Tunachambua maharagi.

Akasema tu: "Kaka, unielezee habari ya kule."

Sikujua kule gani. Nikamuelezea Bujumbura. Nilifika wakati maillot, jezi za timu, zilikuwa zimekwisha kuandikwa majina. Wakanipa ya muntu mwenye alikuwa ameondoka, jina lake kwa mugongo yangu. Saizoni nzima watu waliita lile jina, na mimi niligeuka, nikapunga mukono. Mama mumoja alileta mutoto wake amusalimie ule muntu. Nikamusalimia vizuri.

Riziki akacheka. Kidogo tu, akishika mushono. Machozi ikatoka, akaipangusa na blanketi.

"Na mwenye jina, yeye alienda wapi?"

Sijui. Sikuuliza hata siku moja.

Tukaendelea na maharagi. Mama akapita na maji, akaangalia ndani ya sahani, akasema tumeachamo mawe mingi.